Dobi Aliyekataa Kufua Ngozi ya Kwedizinga

Mzee Rehani bin Abdi, dobi wa kituo chetu, anastaafu Jumamosi ya tarehe 30 Agosti 1913, baada ya kufua, kupiga pasi na kukunja nguo za wakubwa na wadogo kwa miaka ishirini na miwili. Alianza kazi mwaka 1891, kituo kilipokuwa bado mahema matatu na bendera moja kando ya njia itokayo Handeni kwenda Korogwe. Mabwana Wakubwa saba, yaani wakuu wa kituo wa Kijerumani, wamepita hapa tangu wakati huo. Wote saba walivaa nguo safi, na hilo ndilo jambo pekee ninaloweza kulisema juu yao wote bila kusema uongo.

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Habakuki, karani wa kwanza wa kituo, kwa niaba ya wafanyakazi. Yatasomwa uani kwetu, si barazani. Kwa ajili ya baraza nimeandika karatasi nyingine ya Kijerumani, mistari sita, isemayo kwamba mstaafu alikuwa mtiifu, mnyamavu, na hakupoteza vifungo. Bwana Mkubwa ataisoma, atampa mkono, ataondoka kwenda kula. Ya kweli ni hii. Na ndugu yeyote anayetaka kwenda kunichongea ajue kwamba nakala zote tisa zimeandikwa kwa mkono wangu, kwa hiyo asijisumbue kupeleleza.

Mzee Rehani ni mzaliwa wa Sindeni, mtoto wa mkulima wa tumbaku. Akiwa kijana alishuka Pangani, akakaa miaka minne kwa dobi wa Kihindi ambaye hakumsifu hata siku moja lakini alimfundisha kila kitu: kupika wanga wa muhogo, kupima moto wa pasi ya mkaa kwa tone la mate, kutoa kutu kwa ndimu na chumvi, na zaidi ya yote, kuitazama nguo kabla ya kuitia maji. Rehani alirudi bara na somo hilo kichwani. Kwa miaka ishirini na miwili hakuna shati lililoingia kwenye beseni lake kabla ya kulalishwa juu ya jiwe, likageuzwa mbele na nyuma, likanuswa na kukaguliwa mshono kwa mshono.

Sisi makarani tulimcheka sana kwa tabia hiyo. Tulikuwa tumetoka shule, tunajua hesabu za mafungu, tunajua majina ya mito ya Ulaya ambayo hatutaiona. Huyu mzee asiyejua kusoma jina lake alikuwa anatusoma sisi kila Jumatatu.

Bwana Mkubwa wa tatu, kwa mfano, aliandika taarifa ndefu kwamba alikagua barabara ya Sindeni kwa siku tatu, kwa miguu, juani. Taarifa hiyo niliinakili mwenyewe na nikaisifu mbele yake. Suruali zake zilipofika kwa Rehani hazikuwa na vumbi, wala mbegu moja ya kishona nguo, mmea ambao haumwachi hata mbuzi apite njia ile bila kumng'ang'ania. Zilikuwa na nta ya mshumaa na bia. Rehani alizifua, akazipiga pasi, akanyamaza mpaka yule bwana alipopanda meli kurudi kwao, kisha akatusimulia jikoni huku akicheka mpaka akakohoa.

Kaleb mpishi aliambiwa faraghani kwamba siagi huacha mafuta kwenye mfuko wa ndani, na tangu siku hiyo siagi ya Bwana Mkubwa ilianza kudumu wiki nzima. Lukasi, karani wa pili, aliyekuwa akilalamika kila mara kwamba kazi zinamwua, siku moja alipeleka koti ambalo kola yake ilikuwa na nusu ya barua ya kodi, maneno yamekaa kinyume, maana alikuwa amelalia barua wino haujakauka. Mimi mwenyewe sikupona. Nilikuwa mzee wa kanisa kijana kuliko wote, sala zangu zilikuwa ndefu kuliko za mchungaji. Rehani, ambaye ni Mwislamu na paji lake la uso lina alama ya sijda, aliniuliza kwa upole kabisa kwa nini suruali yangu ya kanisani imechakaa makalioni na magotini ni mpya.

Hayo ni ya kuchekesha. Sasa nije kwenye jambo ambalo kila mmoja wetu hapa kituoni analijua na hakuna anayelitaja, mimi nikiwa wa kwanza.

Mwezi wa Juni 1909 alifika kwetu msomi mmoja kutoka Ulaya. Jina lake halituhusu. Watu walimwita Bwana Kipimo kwa sababu alipima kila kitu, vichwa vya watu, pua, vyungu, milango, hata mbuzi wa jumbe. Alikuwa akiandika kitabu juu ya maisha ya mababu wa nchi hii karne iliyopita ilipokuwa bado changa, yaani miaka mia moja nyuma, kabla nguo za merikani hazijajaa madukani. Alitangaza kwamba mavazi ya kale ndiyo yatakayomweleza jinsi watu wale walivyoishi. Kwa hilo hakukosea. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba yatamweleza yeye peke yake, bila kumwuliza mtu aliyewahi kuyavaa.

Wakati huohuo mlowezi mmoja alikuwa ameomba apewe bonde la Kwedizinga alipande mkonge. Tume ya mipaka ilikuwa ije mwezi wa Agosti kuamua. Sheria ilikuwa nyepesi kuisema: ardhi ambayo watu wameilima tangu zamani ni yao, na ardhi isiyo na mwenyewe wa kale ni ya serikali, nayo serikali humpa imtakaye. Bondeni kulikuwa na nyumba sitini na moja, migomba, mtama, tumbaku, na chemchemi ambayo haijawahi kukauka. Watu wake walisema wamelima pale tangu kwa mabibi zao. Hawakuwa na karatasi. Tume ikaleta habari kwamba kwa vile hakuna karatasi, itasikiliza maneno ya msomi. Wakishindwa, wangehamishiwa kwenye pori la upande wa machweo, ambako maji ni ya kubeba kutoka mbali na wakati wa kiangazi hayapo kabisa.

Askari wakatumwa kukusanya mavazi ya zamani majumbani. Kwa Bibi Mashavu, mjane wa Kwedizinga aliyekuwa amepita miaka sabini, walichukua ngozi ya mbuzi iliyolainishwa kwa mafuta, yenye kamba mbili za ngozi kila upande. Ilikuwa ya bibi yake, mama wa mama yake, tangu alipokuwa mwali. Mtu yeyote aliyezaliwa nchi hii na kubebwa mgongoni aliijua ngozi ile kabla hajajua jina lake mwenyewe. Ilikuwa mbeleko. Kabla ya kanga na kaniki, mama zetu walitubebea ndani ya ngozi kama hiyo, na wengine mpaka juzijuzi.

Bwana Kipimo aliigeuzageuza, akaitupa mabegani mwake, akafunga kamba shingoni, akatoa kifua mbele. Tulikuwa makarani wanne mbele yake, kila mmoja na koti jeupe lililonyooshwa na Rehani. Akatuuliza hiki ni nini.

Mimi nilibebwa kwa ngozi kama hiyo huko milimani mpaka nilipoanza kutembea. Mama yangu aliitundika nyuma ya mlango, na harufu yake ninaikumbuka hadi leo. Nikamjibu, "Sijui, Bwana. Kwetu sisi tumevaa nguo siku zote." Ndivyo nilivyosema. Lukasi hakutaka kupitwa, akaongeza kwamba kwa jinsi ilivyomkaa Bwana, inaonekana ni ya mashujaa. Simeo, karani mwenzetu, na yule wa nne, ambaye sasa yuko Tanga na simtaji, wakaitikia kwa vichwa. Hakuna aliyetaka kuwa mtoto wa ngozi mbele ya mtu mwenye miwani ya dhahabu. Wanaume wanne wazima, wenye vyeti, tukamkana mama mmoja mmoja kwa zamu.

Bwana Kipimo alifurahi kama mtu aliyeokota pembe ya ndovu. Kwenye ngozi kulikuwa na kiraka kidogo cha kitambaa cha buluu, upana wa vidole vitatu. Akasema hiyo ni alama ya ushujaa. Kamba zilikuwa na madoa meusi. Akasema ni damu ya maadui. Zilikuwa na mikunjo miwili mikubwa. Akasema hapo ndipo shujaa alipofungia mkuki. Nikaandika yote kwa mwandiko wangu mzuri, ule ulionipatia kazi. Nikabandika kikaratasi: vazi la vita la wanaume, Kwedizinga, namba kumi na nne. Kisha nikanakili taarifa yake kwa tume, iliyosema kwamba mababu wa bonde hili walikuwa watu wa vita na uwindaji, wenye kuhamahama, wasiojua jembe, na kwamba mashamba yanayoonekana leo ni ya juzi. Nikakausha wino, nikaenda kula. Chakula kilikuwa kitamu, nakumbuka.

Siku mbili kabla ya tume kufika, Bwana Kipimo aliona vazi lake la kishujaa linanuka. Akampelekea Rehani alifue kwa sabuni, alisugue kwa brashi, alinyooshe.

Rehani akalilaza juu ya jiwe, kama kawaida yake. Akakaa nalo tangu asubuhi mpaka adhuhuri, beseni la maji likimngoja pembeni. Kisha akaja dirishani kwangu.

"Habakuki mwanangu," akasema, "hii ni mbeleko."

Nikamwambia najua.

"Sasa mbona umeandika vita?"

Nikamwambia apunguze sauti. Akaniomba nikichane kile kikaratasi na kuandika kingine. Nikamweleza, kwa hekima yote ya mtu aliyesoma, kwamba nina mtoto wa miezi mitatu, kwamba Bwana Kipimo akikasirika na Bwana Mkubwa atakasirika, na kwamba mambo ya ardhi yako juu ya dobi na karani. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniudhi. Akaondoka na ngozi yake mkononi, mimi nikarudi kwenye mito ya Ulaya.

Tume ilikaa barazani asubuhi. Walikuwa mabwana wawili, mmoja kijana, mmoja mzee mwenye mvi, pamoja na akida. Watu wa Kwedizinga walikaa chini juani, wanaume mbele na wanawake nyuma, Bibi Mashavu akiwa amejifunika kaniki. Bwana Kipimo alizungumza saa nzima. Alieleza jinsi kila nchi inavyojulikana kwa vazi lake, na jinsi watu wanaolima wasivyovaa ngozi ya vita. Mimi nilikuwa mkalimani. Wenye bonde wao walisikia kwa sauti yangu kwamba bibi zao hawakuwahi kushika jembe, na walinitazama tu, maana hawakujua waanzie wapi kushangaa.

Kisha akaagiza vazi liletwe.

Rehani alipanda ngazi za baraza amelibeba juu ya mikono yote miwili. Harufu ya mafuta ya zamani ikamtangulia. Bwana Kipimo akatoa leso, akaziba pua, akauliza kwa ukali kwa nini halikufuliwa. Katika miaka kumi na minane ya utumishi wake mpaka siku hiyo, Rehani hakuwa amekataa amri hata moja, hata zile za kijinga, na zilikuwa nyingi.

"Bwana," akasema, "nikiifua hii nitakuwa nimewafuta wenyewe. Kazi hiyo siiwezi."

Wote wakanigeukia mimi nitafsiri. Na mimi, karani mwenye cheti, mzee wa kanisa, nikatafsiri kwamba dobi anasema sabuni imekwisha.

Yule bwana mwenye mvi alikuwa ameishi pwani miaka mingi. Akasema kwa Kiswahili safi kuliko changu, "Sivyo alivyosema." Akaniamuru ninyamaze na nikae, akaanza kutafsiri mwenyewe. Nilikaa. Nilikaa juu ya ngazi, mahali wanapokaa wapagazi, na hapo ndipo nilipomsikiliza Mzee Rehani kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane.

Hakupiga hotuba. Alizungumza kama anavyozungumza na mtu aliyekuja kulalamikia shati. Akaonyesha madoa ya kwenye kamba, akasema damu huwa kahawia na hupasukapasuka ikikauka, lakini weusi huu ni utomvu wa mgomba, nao hautoki, mabwana waulize madobi wote wa Tanga na Pangani. Umeshika kwenye kamba tu, hasa kwenye ncha, kwa sababu ndipo mikono ya mama iliposhika alipomfungua mtoto amnyonyeshe na kumfunga tena arudi kazini. Mwindaji hakati migomba, akasema. Na mtu wa kuhamahama hapandi migomba, maana ndizi zake atazila nani?

Akaikunjua kamba, akaonyesha mikunjo. Huu wa kwanza ni fundo la mama aliyenenepa. Huu wa pili umeingia ndani shubiri nzima. Ni mama yuleyule, au bintiye, mwaka wa njaa. Kamba haikukatwa wala kubadilishwa. Mwenye nguo alikonda shubiri nzima akabaki palepale, kwa sababu baada ya huo wa pili fundo limerudi taratibu kuelekea la kwanza, mikunjo midogomidogo, mwaka hadi mwaka. Aliye na pa kukimbilia angekimbia.

Akageuza ndani. Chini, mahali mtoto anapokalia, ngozi imesuguliwa mpaka inang'aa, na mkojo wa watoto umeila rangi, tabaka juu ya tabaka. Watoto wengi, si mmoja wala wawili. Kwenye mishono kulikuwa na unga wa mtama uliogandamana, wa kusagia huku mtoto yuko mgongoni. Halafu akafika kwenye kiraka cha buluu.

Hapo nadhani sauti yake ilibadilika kidogo, ingawa yeye akiulizwa atakataa. Alisema kitambaa hiki ni kaniki, na kwa kuwa kimeshonwa kwa uzi wa mshipa wa mnyama, si kwa uzi wa dukani, ni cha wakati ule nguo ilipokuwa haijafika huku ila kwa bahati. Huenda ndicho kitambaa cha kwanza kuingia bonde lile. Mwanamume angejifunga kichwani atembee nacho aonekane. Huyu mama alikishona ndani, mahali pasipoonekana, upande wa juu, pale shavu la mtoto linapogusa ngozi.

Bwana Kipimo akauliza kwa hasira dobi anajuaje mambo ya miaka mia moja, na huyu bibi anayejiita mwenyewe wa vazi anasemaje juu ya vita.

"Vita?" Bibi Mashavu akasimama, akashika kiuno. "Vita gani hivyo, mjukuu wangu? Labda vya kugombea ziwa."

Wanawake waliokaa juani wakaanguka kwa kicheko. Akida, ambaye siku zote hangoji kucheka mpaka aone Mzungu amecheka, safari hii alitangulia.

Ikawa bahati kwamba Hosiana, mke wangu, alikuwa amefika na chakula changu, amembeba Elina kwa kanga. Nasema bahati sasa. Siku ile niliomba ardhi inimeze. Bibi Mashavu alipanda ngazi bila kuitwa, akamfungua mtoto wangu mgongoni mwa mama yake. Elina alikuwa amevaa gauni jeupe lenye lesi, lililoshonwa na masista, ili watu waone kwamba ni mtoto wa karani. Bibi akamweka ndani ya mbeleko, akamtupia Hosiana mgongoni kwa mkupuo mmoja, akafunga kamba juu ya ziwa na chini yake. Fundo likaangukia kwenye mkunjo wa kwanza, sawasawa. Mtoto alilia kidogo, akageuza kichwa, akaweka shavu juu ya kile kitambaa cha buluu, akalala. Tume nzima ikamwangalia anavyolala.

Bwana mwenye mvi alicheka mpaka akafuta macho, akamwomba Bwana Kipimo awaonyeshe tena jinsi vazi la vita linavyovaliwa. Kisha akaacha kucheka. Akamwuliza Bibi Mashavu bibi yake alizaa wangapi. Tisa, akajibu, wanne wamezikwa bondeni, naye anajua kila kaburi na kila shina la mgomba lilipandwa na mkono wa nani, kama mabwana wana miguu ya kutembea. Wakaenda siku ileile, Bibi akitangulia.

Kuhusu ile ngozi, namba kumi na nne, mali ya taaluma, hakuna aliyethubutu kumwamsha mtoto ili aivue. Hosiana alishuka ngazi nayo mgongoni, akapita mbele ya askari wa zamu, akaenda zake. Jioni aliirudisha kwa mwenyewe. Kwenye daftari la Bwana Kipimo namba hiyo ipo mpaka leo, na mbele yake nimeandika mimi: haipo.

Ningependa kuandika kwamba haki ilitendeka. Ilitendeka nusu. Tume iliacha bonde la chini lote kwa wenyewe, pamoja na chemchemi na migomba. Mteremko wa juu ulipewa yule mlowezi, na nyumba kumi na nne zikashushwa zikabanana na nyingine. Mkonge wake unauona ukiwa njiani. Bwana Kipimo aliondoka wiki ile. Kitabu chake kilitufikia mwaka jana, kizuri, chenye picha. Ndani yake anasimulia jinsi yeye mwenyewe, kwa kuchunguza madoa na mikunjo kwa subira ya kitaalamu, alivyogundua mbeleko ya kale ya Kwedizinga. Jina la Rehani halimo. Kuna shukrani kwa karani Habakuki kwa mwandiko wake.

Mzee Rehani aliondolewa kwenye nguo za mabwana Jumatatu iliyofuata. Alipewa mablanketi ya askari, magunia na matandiko ya punda, na ndiyo aliyoyafua miaka hii minne, mikono yake ikiwa imepasuka kwa sabuni kali. Mimi nilipandishwa kuwa karani wa kwanza, kwa utiifu. Na sisi ndugu zake kazini tulifanya nini? Tulihama upande wake wa kamba ya kuanikia nguo, wakubwa wasituone tukizungumza naye. Lakini mashati yetu tuliendelea kumpelekea kwa siri, maana dobi mpya alikuwa anayaunguza, na tukathubutu kulalamika kwamba wanga umezidi. Lukasi alilalamika mara mbili. Katika yote hayo Mzee hakumwambia mtu neno baya. Aliyatazama mashati yetu, akayafua, akayarudisha meupe.

Sasa anaondoka. Watu wa Kwedizinga wamemkatia shamba chini ya chemchemi, na nyumba imekwisha kuezekwa. Hatuna zawadi ya kumpa. Ilipendekezwa tumnunulie koti, na nilipokwenda kumpima alicheka, akasema makoti ya kituo hiki anayajua ndani na nje, na hataki hata moja.

Badala yake umekuja ujumbe kutoka kwa Bibi Mashavu, ambaye yu hai, haoni vizuri, lakini kinywa chake hakijapungua makali. Amemtuma mjukuu wake, Swaumu, aseme maneno haya uani kwetu bila kupunguza: "Wazee wa bonde watakuja kumchukua dobi wetu Jumamosi. Asibebe kitu. Yule karani aliyeandika kwamba bibi yangu alikuwa askari, sanduku la pasi atalibeba yeye, kichwani, mpaka kwangu. Na asipite barabara. Apite katikati ya mashamba, watu waliomo wamwone."

Ni mwendo wa saa tano, na sanduku lile nimelijaribu leo asubuhi. Pasi mbili za chuma, mkaa, jiwe lake, na beseni juu. Lukasi ameniambia karani wa kwanza hawezi kufanya kazi ya mpagazi, nitaaibisha ofisi. Nimemwambia ofisi niliiaibisha zamani. Hosiana amekwisha nisokotea kata ya kuweka kichwani, na Elina, ambaye sasa ana miaka minne, anataka kujua kama naye atapita kwa yule bibi wa ngozi. Atapita.

Mzee Rehani, kwa niaba yetu sote uliotufulia, asante, na utuwie radhi kama unaweza. Mungu akujalie uzee wa maji ya karibu, migomba inayozaa na usingizi usiokatizwa. Tangulia, mzee wetu. Mzigo wako uko nyuma yako, unakuja.